Saa za Taa ya Mwani

Tulimzika Fundi Opiyo kwao Katito, Jumamosi ya jua kali. Nilikuwa nimesimama kwenye foleni ya chakula, sahani mkononi, mtu aliponishika kiwiko kwa nyuma. Nilipogeuka nilimwona Daktari Mwanaisha. Hatukuwa tumeonana kwa miaka mingi. Amepungua, mtandio umemzidi uso, lakini mkono wake ungali na nguvu ile ya mtu aliyeng'oa magego ya watu maisha yake yote. Tulitafuta viti viwili vya plastiki pembeni mwa hema. Hakuniuliza habari za mume wala watoto, aliniuliza kama bado naamka mapema. Nikamwambia bado. Akatikisa kichwa polepole, tukala wali na nyama bila maneno mengi, maana aliyekuwa akitutia maneno mdomoni ndiye tuliyekuwa tumetoka kumfukia. Njiani nikirudi Kisumu niliona kwamba mwaka ule niliofanya kazi kwa Daktari, nikiwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, sasa tumebaki wawili tunaoujua. Basi nauandika.

Kliniki yake ya meno ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vitambaa, si mbali na soko la Kibuye. Ukipanda ngazi ulikutana kwanza na harufu ya mafuta ya karafuu, halafu benchi mbili ndefu zilizopakwa rangi ya kijani, halafu meza yangu na kitabu cha kuandikia majina ya wagonjwa. Na ukutani, kutoka meza yangu hadi mlango wa chumba cha daktari, kulikuwa na bahari. Sina neno jingine. Lilikuwa tangi la kioo la maji ya chumvi, na ndani yake mawe yenye matundu, matumbawe laini yaliyocheza kama vidole, na samaki sita. Wawili kati yao, wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, hawakuachana hata dakika moja, na wagonjwa waliwapa majina ya Bwana na Bibi. Bibi ndiye aliyekuwa mkubwa. Maji yalitoka Mombasa kwa mitungi ya plastiki, yakija na basi, na jambo hilo liliwashangaza watu wetu kuliko samaki wenyewe. Mtu anaishi kando ya ziwa ambalo hajaona mwisho wake, halafu anaagiza maji kwa basi!

Mazungumzo ya kwenye benchi zile ninayasikia mpaka leo. Watu walikuja mashavu yamevimba, wamefunga leso kichwani, na baada ya muda kidogo walisahau jino. "Hii samaki ukikaanga inabaki nini?" mvuvi mmoja kutoka Usenge aliuliza, ameshika taya. Mama aliyekuwa karibu naye akamjibu, "Si ya kukula hiyo, ni ya kuangalia." Mvuvi akafikiri sana. "Samaki ya kuangalia," akasema. "Watu wa town mko na shida, aki." Lakini alipoitwa ndani aliingia akitazama nyuma, na mlio wa mashine ya daktari haukumtisha kama unavyowatisha wengine katika kliniki nyingine. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya tangi lile. Aliyelijenga, Mwalimu Salim, mumewe Daktari, alikuwa amefundisha biolojia shule za upili hadi kustaafu, na alisema mtu anayeogopa apewe kitu cha kutazama kinachopumua. Mwalimu alikuwa amefariki miezi michache kabla sijaajiriwa. Sikuwahi kumwona. Nilimjua kwa mwandiko wake tu, katika daftari lenye jalada gumu lililokaa kwenye kabati chini ya tangi.

Ndani ya kabati hilo kulikuwa na tangi la pili, dogo, ambalo Mwalimu aliliita kimbilio. Maji ya tangi kubwa yalishuka humo kwa bomba, yakapita katikati ya mwani wa kijani uliojiviringa kama waya wa kusugulia sufuria, kisha pampu ikayarudisha juu. Mwani ulikula uchafu wa samaki. Katikati yake walizaliana kamba wadogo mno, wa ukubwa wa punje ya chumvi, ambao hakuna samaki aliyeweza kuwafikia huko. Juu ya kimbilio kulikuwa na taa, na taa hiyo iliwashwa na kuzimwa na saa ya swichi, kidude cheupe cha mviringo chenye vijino pembeni. Vijino vilivyobonyezwa ndivyo vilivyokuwa saa za mwanga. Mwalimu alikuwa amevibonyeza kutoka saa mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku. Stima ikipotea, na ilipotea mara nyingi, saa ile ilisimama, na kazi yangu ilikuwa kuizungusha tena iende sawa na saa ya ukutani. Kuzungusha niliruhusiwa. Vijino sikuruhusiwa kugusa. "Hivyo aliviweka yeye," Daktari aliniambia siku ya kwanza, na sikuuliza yeye nani.

Saa saba mchana tulifunga mlango na kula katika chumba cha nyuma, mahali palipowekwa jiko la gesi na dawa za ganzi. Daktari alileta chapati na ndengu kutoka nyumbani. Mimi nilikuwa na kuon, ugali wa kwetu, uliopoa, na omena, dagaa wa ziwani, kwenye kopo. Fundi Opiyo, aliyetengeneza kiti cha meno, pampu na kila kilichotumia waya katika jengo lile, alikuja bila kualikwa na mandazi yamefungwa kwa gazeti, na vyakula vyote vikawekwa katikati. Opiyo alikuwa mtu mnene mwenye sauti ndogo. Aliniita nyar Usenge, binti wa Usenge, kwa sababu huko ndiko nilikotoka. Mezani pale nilijifunza kusikiliza watu wazima wakibishana bila kugombana.

Siku samaki wa manjano alipokutwa amekufa, ubishi ulikuwa mwingine. Alikuwa wa pili katika mwezi mmoja, na wote walikufa kabla ya asubuhi. Jioni wazima, asubuhi wamelala ubavu. Opiyo alimega andazi akasema, "Daktari, mimi sijasoma hii maneno ya samaki. Lakini hiyo majani iko chini, mchana inapumua vizuri kwa sababu iko na taa. Usiku tunazima taa ya juu, ya tangi kubwa, tunazima ya chini. Sasa kila kitu inapumua hewa moja, majani na samaki. Maji inakuwa chachu. Geuza. Huku juu ikilala, huko chini iamke."

"Mwalimu aliyajua hayo," Daktari akasema. "Aliandika kwamba kipimo cha uchachu wa maji ni nane asubuhi na jioni."

"Aliandika lini?"

Daktari alikunja chapati yake mara mbili, akaiweka chini. Kisha akanigeukia mimi. "Tusibishane. Atieno atapima. Jioni akifunga, na saa kumi na mbili asubuhi kabla taa yoyote haijawaka. Mwezi mmoja. Maji yenyewe yatasema."

Vipimo vilikuwa vya matone. Unachota maji kwenye kichupa, unadondosha dawa, unatikisa, halafu unalinganisha rangi na kadi. Rangi ya zambarau ni nane na zaidi, ndiyo maji ya bahari yanayotakiwa. Kadiri inavyoelekea kijani na manjano, nambari inashuka, na uchachu unapanda. Asubuhi ya kwanza nilitoka chumba changu cha kukodi Manyatta kukiwa bado na giza, mlinzi akanifungulia, nikapiga magoti mbele ya kabati na kurunzi mdomoni. Kichupa kilinionyesha kijani kibichi. Nilikitazama muda mrefu. Nikafungua daftari la Mwalimu, nikaona nane, nane, nane, kwa mwandiko ulionyooka wa mtu aliyefundisha watoto wa watu miaka thelathini. Mimi nani? Niliona hakika nimekosea matone. Nikamwaga maji, nikaandika nane.

Hilo ndilo kosa lenyewe, na nimelisimulia jinsi lilivyokuwa kwa sababu watu hudhani uongo huanza kwa uvivu. Wangu ulianza kwa adabu. Uvivu ulikuja siku ya pili. Mvua ya masika ilinyesha, njia za Manyatta zikawa tope la kufika vifundoni, nami nikajigeuza kitandani nikijua tayari nitakachoandika. Tangu siku hiyo sikwenda tena alfajiri. Nilifika saa mbili na nusu kama kawaida, nikakaa mezani, nikaandika "saa 12: nane," na kwa kuwa sikuwa mjinga, siku moja moja niliandika saba na nukta tisa ili ipendeze. Vipimo vya jioni nilivifanya kweli. Vilikuwa vizuri, na vilinipa moyo kwamba hata vile vya asubuhi, kama ningevifanya, vingekuwa vizuri.

Wiki ya tatu Daktari aliliweka daftari langu katikati ya meza ya chakula, kando ya daftari la mumewe. Sijawahi kumwona na uso ule, kabla wala baada. "Unaona, Fundi? Mwalimu alijua." Opiyo aliinama akasoma ukurasa wote, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Kisha akaniangalia, si kwa muda mrefu. "Kama ni hivyo," akasema, "basi ni hivyo." Akala mandazi yake. Mimi nilifunika kopo langu.

Bwana alikufa Jumatatu iliyofuata. Nilimkuta chini ya mawe, rangi yake imefifia kama kitambaa kilichofuliwa sana, na Bibi akizunguka juu yake, akienda hatua mbili, akirudi. Benchi zilikuwa zimeshajaa. Daktari alitoka na glavu mikononi, akatazama, akachukua kipande cha bandeji akamtoa kwa kijiko na kumfunga. Nilisikia bibi mmoja mwenye jino la mbele lililovunjika akimnong'oneza jirani yake, "Amefiwa mara ya pili huyu mama." Daktari naye alisikia. Alirudi ndani, na mlio wa mashine ukaanza tena, ukaendelea hadi saa saba bila kukatika.

Siku hiyo Opiyo hakuja. Nilimkuta Daktari peke yake chumba cha nyuma, hajafungua chakula. Nilibaki mlangoni.

"Daktari, zile nambari za asubuhi si za kweli."

Hakugeuka. "Ngapi si za kweli?"

"Zote. Nilipima mara moja tu."

"Na hiyo mara moja ilisema nini?"

"Kijani. Kama saba na nukta sita. Nilidhani nimekosea, kwa sababu kitabu cha Mwalimu kilisema nane. Nikaandika ya Mwalimu."

Nilingoja anifukuze. Nilikuwa nimeshahesabu vitu vyangu chumbani, godoro, stovu, sanduku, nikaona vitaingia kwenye mkokoteni mmoja. Daktari alivua miwani akaiweka juu ya kopo la chapati. "Keti," akasema. Nikaketi. "Mimi ni daktari wa meno, Atieno. Mtu akifungua mdomo na meno yote yamepangana sawasawa, bila hata moja kupinda, najua ni ya bandia kabla sijayagusa. Nambari zako zilikuwa hivyo. Niliziona. Nilizipenda. Ndiyo maana sikukuuliza."

Nilianza kulia, naye hakunibembeleza wala hakunikaripia. Alinisogezea kopo. "Kula. Kesho saa kumi na moja na nusu nitakupitia Manyatta na gari. Tutapima pamoja."

Jioni ile nilimfuata Opiyo kwenye kibanda chake cha ufundi nikamwambia na yeye, maana neno lake ndilo nililolizika. Alikuwa akifungua feni. Aliendelea kufungua. "Nyar Usenge," akasema, "siku moja nilikuona Manyatta saa kumi na mbili asubuhi unanunua nyanya, mwavuli mkononi, viatu yako safi. Mchana nikaona kitabu inasema saa kumi na mbili ulikuwa town. Nilijua."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ungefutwa kazi. Nilifikiri, wacha aseme mwenyewe." Akaweka bisibisi chini. "Lakini samaki hangeweza kungoja. Hiyo makosa ni yangu, si yako."

Nimefikiria maneno hayo zaidi ya mengine yote ya mwaka ule. Sisi watatu tulijua, kila mmoja kipande chake, na kila mmoja alinyamaza kwa sababu iliyofanana na wema. Sasa ninaongoza maabara ya kupima maji, na vijana hunijia na karatasi zenye nambari zilizopangana vizuri mno. Siwapigii kelele. Huwauliza mkono wao ulikuwa baridi kiasi gani walipochota maji, na kwa jibu hilo najua kama walichota kweli.

Asubuhi tatu mfululizo tulikuwa watatu mbele ya kabati, Opiyo ameshika kurunzi, Daktari kadi ya rangi, mimi kichupa. Saba na nukta sita. Saba na nukta saba. Saba na nukta sita. Daktari alizisoma kwa sauti, kila moja, mimi nikaandika. Siku ya tatu alikaa sakafuni na gauni lake zuri, akaanza kusoma daftari la mumewe tangu ukurasa wa kwanza, sio ule wa saa za taa tu. Na huko, kila mwezi, kulikuwa na maneno mawili tuliyoyaruka sote: punguza mwani. Mwalimu alikuwa akiukata mwani, anatupa nusu. Alipokufa hakuna aliyethubutu kuukata, nao ukajaa kimbilio zima hadi mkono haukupita. Saa zake zilitosha mwani mdogo. Mwani uliokua maradufu ulipumua maradufu gizani.

"Kwa hivyo hakukosea," Daktari akasema.

"Hakukosea," Opiyo akasema. "Lakini majani imekua, mama."

Tuliukata siku ileile, tukatoa ndoo nzima. Saa za taa hazikupatikana kwa siku moja. Daktari alitaka taa ya kimbilio iwake siku nzima, usiku na mchana, asije akakosea tena. Opiyo akasema hata ng'ombe hulala, lakini tulijaribu, taa tukiichomeka ukutani bila saa ile ya swichi. Siku ya nane maji ya kimbilio yalikuwa yamepata joto kama ya kuogea mtoto, na mwani wa juu, ulio karibu na taa, ukaanza kupauka. Tukaachana na hilo. Tukajaribu kugeuza kabisa, saa moja jioni hadi saa moja asubuhi, tukiiwasha na kuizima kwa mkono bila kugusa vijino. Alfajiri ikapanda hadi nane kasoro kidogo, lakini nilipopima saa tatu, kabla taa kubwa haijashika vizuri, ilikuwa imeteleza tena. Ndipo mimi nikasema, ingawa sikuwa na haki ya kusema kitu, kwamba saa za taa zote mbili ziingiliane kidogo. Ya chini isizimwe mpaka ya juu iwe imeamka kabisa. Saa kumi na mbili jioni mpaka saa nne asubuhi.

Opiyo alitoa bisibisi ndogo ya kubonyezea vijino akanipa. Nilimpa Daktari. Aliishika, akapiga magoti, akavua miwani, akaivaa tena. Kijino kimoja kimoja aliinua vile vya mchana, akabonyeza vya usiku, na kila kimoja kililia kidogo, tik. Alipomaliza alikaa pale muda, kiganja juu ya kidude kile. "Samahani, Salim," akasema. Tulitoka, mimi na Fundi, tukamwacha.

Bibi hakula siku tisa. Siku ya kumi alichukua chakula. Kufikia mwezi wa Agosti alfajiri zote zilikuwa nane na nukta moja, siku nyingine nukta sifuri, siku moja stima ilipopotea tangu jioni zikashuka hadi saba na nukta nane, nami nikaandika saba na nukta nane. Sikukosa hata asubuhi moja. Nilizoea giza la saa kumi na moja, wauza chai wa stendi wakaanza kunisalimu kwa jina, na kadiri nilivyotazama rangi ikigeuka ndani ya kichupa, ndivyo nilivyoanza kutaka kujua kwa nini inageuka.

Mwisho wa mwaka niliomba nafasi katika chuo cha mafunzo ya maabara. Walitaka barua ya mwajiri. Daktari aliiandika kwa mkono, akaifunga kwa gundi, akanikabidhi bila kunionyesha. Opiyo alinisindikiza hadi lango la chuo, akabaki nje kwenye jua akila mandazi. Ndani walikuwa watu watatu nyuma ya meza. Mkuu wa chuo, mwanamume mkavu mwenye kalamu mbili mfukoni, alifungua barua akaisoma kimya, akafika mahali akasimama. Akawatazama wenzake. Kisha akasoma kwa sauti.

"Mwaka huu Atieno aliandika nambari za vipimo ambavyo hakuvifanya, na tulipata hasara. Alikuja mwenyewe kuniambia, kabla mtu yeyote hajamuuliza. Tangu siku hiyo nimekuwa nikirudia vipimo vyake kwa siri mara moja kila wiki, kwa miezi saba, na sijakuta kosa. Sina mtu mwingine ninayeweza kumsemea maneno haya."

Sikujua kwamba alikuwa akirudia.

"Haya ni ya kweli?" mkuu wa chuo akauliza.

"Ni ya kweli."

"Yote? Hata haya ya mwanzo?"

"Hasa hayo ya mwanzo," nikasema.

Aliikunja barua, akaitia katika faili jipya, akaandika jina langu juu yake kwa herufi kubwa.